KIFARANGA CHA UZI NI KAZI, SI MCHEZO



Juu ya meza yangu ya ofisi, kando ya daftari la michango, kimekaa kifaranga cha manjano. Hakili, hakinywi, hakilii. Ni cha uzi, kimejazwa pamba, kina mdomo wa rangi ya machungwa na mabawa mawili yasiyoweza kuruka. Mtu akiingia hucheka kwanza. Kisha hukichukua, hukibinya, na kuniuliza, "Mama, chama cha wafanyakazi na vitu vya kuchezea watoto, wapi na wapi?"

Mimi nami niliwahi kuuliza hivyo. Nilikosea, na kosa langu liliwagharimu kina mama wengi jasho lao. Kwa sababu hiyo nimeshika kalamu leo. Nataka nyinyi mlioko viwandani na mashambani mjue kifaranga hiki kinatengenezwaje, kinakwenda wapi, na kwa nini aliyekifuma ni mfanyakazi kama wewe.

MAJIRA TUSIYOKUWA NAYO

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tunajua mvua na kiangazi. Chai yetu hapa magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, huchumwa mwaka mzima. Lakini Ulaya, Japani na Marekani ya Kaskazini kuna miezi ambayo miti husimama mitupu kama kuni, ardhi huganda, na jua huzama mapema alasiri. Ikifika mwezi wa Machi, baridi huanza kulegea. Miti hutoa macho, maua hutokeza, kondoo huzaa, kuku huanza kutaga vizuri. Hayo ndiyo majira ya kuchipua, na watu wa huko huyafurahia kama sisi tunavyofurahia mvua ya kwanza baada ya ukame.

Katika majira hayo hupamba nyumba. Pasaka nayo huangukia hapo hapo. Kwa makanisa ya Magharibi ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Basi utaona vifaranga, mayai, kondoo, maua na sungura kila mahali. Sungura anaingiaje na mayai? Ni desturi ya Ujerumani. Watoto huambiwa kwamba sungura ndiye aletaye mayai ya Pasaka. Wahamiaji wa Kijerumani waliipeleka desturi hiyo Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1700.

Mapambo mengi ya namna hii hufumwa kwa kroshia. Huko Uingereza wapo watu wanaofuma vifaranga na sungura na kuwapanga juu ya kofia ya uzi, kisha huvika kofia hiyo kwenye sanduku jekundu la posta barabarani ili wapita njia wafurahi. Wajapani nao wana jina la vitu vidogo vya kuchezea vinavyofumwa kwa uzi na kujazwa ndani: huviita amigurumi. Ufundi huo umeenea dunia nzima.

Anayefuma kwa ajili ya nyumba yake na kupumzisha akili, namwombea heri. Sina ugomvi naye. Mimi nazungumza juu ya vile vinavyopangwa dukani na kuwekewa bei. Hivyo navyo vimefumwa na mtu, na huyo mtu haonekani.

MISHONO MIA TATU

Nitaeleza kifaranga kinavyotengenezwa ili tuelewane. Kina mama wanaojua kroshia watanisamehe, maana wao wanajua zaidi. Wengi wetu tuliifundishwa shule ya msingi katika kipindi cha kazi za mikono, tukafuma vitambaa vya kufunika viti na redio.

Unashika sindano moja tu, fupi, yenye ndoano kichwani. Ya milimita 3 inafaa. Unazungusha uzi kidoleni kufanya pete, na ndani ya pete hiyo unafunga mishono 6. Mzunguko wa pili, katika kila mshono unafunga miwili, inakuwa 12. Wa tatu unaongeza mmoja kila baada ya mmoja, inakuwa 18. Wa nne 24, wa tano 30. Sasa una kitu kama kikombe kidogo. Hapo unaacha kuongeza, unazunguka mara 5 kwa mishono 30 ile ile, ili tumbo lipate kimo. Kisha unaanza kupunguza kwa kukamata mishono miwili na kuifanya mmoja: 24, 18, 12. Unajaza pamba kabla mdomo wa tundu haujafunga, unamaliza kwa 6, unakaza uzi.

Jumlisheni. Mizunguko ya kuongeza ina mishono 90. Ya kusimamisha tumbo ina 150. Ya kupunguza ina 60. Jumla ni mishono 300 kwa mwili peke yake. Kila bawa lina 18, na mabawa ni mawili. Bado mdomo, bado macho, bado kushonea kila kitu mahali pake pasipopinda. Na hakuna mshono unaoweza kuuruka. Ukikosea hesabu katika mzunguko wa nne, kifaranga kitatoka na kichogo, na itabidi ufumue.

Mimi niliketi na saa nikamwangalia mama mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika kikundi chetu. Mwili ulimchukua dakika 25. Mabawa, mdomo, macho, kujaza na kushonea, dakika 20. Jumla dakika 45, na hakuinua kichwa hata kusalimu.

MZIGO WA KWANZA

Mwaka 2018 wanawake wengi katika kitongoji chetu walikuwa wameachishwa kuchuma chai. Mashine zilikuwa zimeingia shambani, na palipokuwa na wachumaji kumi wakabaki wachache wa kuisukuma mashine. Jambo hili mnalijua nyote. Mei 2023 huko Kericho, Kenya, hasira juu ya mashine za kuchuma chai zilifika hadi mashine kuchomwa moto. Kwetu hatukuchoma kitu. Watu walirudi nyumbani kimya na mikono yao.

Mwezi wa Septemba akaja wakala mmoja kutoka mjini. Sitamtaja, maana sitaki ugomvi wa jina. Nataka tujifunze jambo. Alileta picha ya kifaranga na magunia ya uzi wa manjano. Alitaka vifaranga 1,200 kabla ya Desemba, viwahi meli, vifike Ulaya na kupangwa dukani mapema kabla ya Pasaka ya tarehe 21 Aprili 2019. Malipo shilingi 600 kwa kifaranga kimoja. Uzi ni wake. Pamba ya kujaza, vifungo vya macho, uzi wa mdomo na nauli ya kupeleka mzigo ni juu ya mfumaji.

Kina mama 24 walijiandikisha, kila mmoja vifaranga 50. Walifuma mchana, walifuma usiku kwa taa ya koroboi. Mvua za Oktoba zilipopiga mabati, walisogea karibu na mlango kutafuta mwanga.

Siku ya kupokea mzigo, wakala aliketi kwenye kiti, akavipekua kimoja kimoja. Akavikataa 192. Vingine alisema vimepinda. Lakini vingi alivikataa kwa sababu ya macho. Alisema vifungo vinaweza kung'oka na mtoto mdogo akavimeza. Kina mama wakamwuliza, "Baba, mbona hukusema mwanzoni?" Akajibu kwamba ndiyo sheria ya Ulaya.

Alivyosema juu ya sheria ilikuwa kweli. Kitu cha kuchezea kinachouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima kiwe na alama ya CE, na vinavyokusudiwa watoto wa chini ya miaka 3 havitakiwi kuwa na kipande kidogo kinachoweza kung'oka na kumkaba mtoto. Hiyo ni sheria nzuri, maana mtoto ni mtoto, awe wa Ulaya awe wa kwetu. Ndiyo maana mafundi wazoefu hudarizi macho ya vitu vya watoto wadogo kwa uzi. Kosa ni kwamba mwenye kuijua sheria aliificha, na asiyeijua ndiye aliyelipa.

KOSA LANGU

Kina mama walikuja kwangu ofisini, kwa sababu nilikuwa mwandalizi wa chama na wengi wao walikuwa wanachama tangu enzi za kuchuma chai. Niliwasikiliza nikiwa na haraka, nina mkutano wa kiwanda cha kukaushia majani. Nikawaambia, "Dada zangu, poleni. Lakini hii si kazi ya chama. Hii ni kazi ya kina mama ya kupitisha wakati. Hakuna mwajiri hapa, hakuna mkataba, nitamshitaki nani?"

Akasimama bibi mmoja, ambaye alinifundisha kuchuma nilipoingia shambani nikiwa msichana. Akanyosha mkono wake wa kulia, wenye alama nyeusi za utomvu wa chai zisizotoka tena. Akasema, "Mwanangu, mkono huu ulipochuma majani ya tajiri uliniita mfanyakazi, ukanikata mchango. Leo mkono ule ule unashika sindano kwa ajili ya tajiri mwingine. Umegeuka mkono wa nani?"

Sikuwa na jibu. Walitoka. Nami nilikwenda kwenye mkutano wangu, nikahutubia juu ya haki, na maneno yangu mwenyewe yalinikwama kooni.

Jioni nilikwenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Tukafanya hesabu pamoja nyuma ya kalenda ya zamani. Nainakili hapa ili kila mmoja aweze kuifanya kwa kazi yake.

Vifaranga 50 kwa dakika 45 ni dakika 2,250, yaani saa 37 na nusu. Malipo ya vifaranga 50 kwa shilingi 600 ni shilingi 30,000. Toa vilivyokataliwa, wastani wa 8 kila mama, shilingi 4,800. Toa pamba, vifungo, uzi wa mdomo na nauli, shilingi 6,000. Zinabaki shilingi 19,200. Zigawe kwa saa 37 na nusu. Ni shilingi 512 kwa saa.

Chapati moja pale kituoni petu ilikuwa shilingi 500.

Bibi aliniangalia, akasema, "Kumbe nilikuwa nafuma saa nzima nipate chapati moja, bila chai." Hakucheka, wala mimi sikucheka.

MASHINE HAIJAIWEZA

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Jambo la kwanza nililogundua lilinishangaza. Sweta, soksi na fulana hufumwa na mashine kwa maelfu kila saa. Kroshia ya kweli, hapana. Vitu vya kroshia vinavyouzwa madukani vimefumwa na mkono wa mtu.

Sababu iko kwenye namna ya kitanzi. Katika ufumaji wa sweta, vitanzi vingi hukaa vimepangwa kwenye sindano, na mashine inaweza kuwa na sindano mamia kwa mstari, kila moja na kitanzi chake. Katika kroshia, ndoano ni moja. Kila mshono hufungwa na kumalizika kabla ya mwingine kuanza, na ndoano lazima itafute tundu sahihi katika kazi iliyokwisha kufumwa, iingie, ikamate uzi, itoke. Vidole vya mkono wa pili hugeuza kazi na kuhisi uzi umekaza kiasi gani. Zipo mashine za kiwandani zinazoitwa za kroshia, zinazotengeneza utepe na pindo za nguo, lakini kitanzi chake ni cha namna nyingine. Mafundi wa chuo kimoja huko Bielefeld, Ujerumani, wameunda mashine ya majaribio ya kufuma kroshia ya kweli, nayo ilianza na vitambaa bapa. Kifaranga chenye tumbo na mabawa ni mlima mwingine.

Kwa hiyo, ndugu, ukikuta mahali popote duniani kitu cha kroshia kinauzwa kwa bei ya kutupa, usiseme, "Mashine imerahisisha." Aliyekifanya rahisi ni mtu aliyelipwa kidogo. Saa zake zimo ndani ya ile pamba.

Na tusijidanganye kwamba kwa kuwa mashine haijaweza, basi mfumaji ana nguvu. Sisi wachumaji wa chai tulinyang'anywa kazi na mashine. Mfumaji hunyang'anywa bei na mfumaji mwenzake wa kijiji cha pili, asiyemjua, aliyeambiwa, "Wale wamekubali 600, wewe je?"

WENZETU WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si jipya. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi vya Ireland, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni 1 walikufa na wengine kama milioni 1 wakahama nchi. Katika mji wa Clones, mke wa mchungaji wa pale, Cassandra Hand, alianzisha mafunzo ya kroshia mwaka 1847 ili jamaa zilizoshikwa na njaa zipate kitu. Wanawake na wasichana walifuma maua, majani na vishada, kila kimoja peke yake, kisha vikaunganishwa kuwa kola na vazi la matajiri. Familia zilikuwa na maua yake, na ziliyaficha yasiigwe. Ndoano ile iliokoa watu. Lakini mfumaji alibaki mtu wa mwisho katika mstari mrefu wa wauzaji, na mitindo ya mavazi ilipobadilika, soko lilimwacha.

Nenda India. Huko Narsapur, katika jimbo la Andhra Pradesh, wamisionari walifundisha wanawake kufuma kroshia katika karne ya 19. Kazi hiyo ikakua, vitambaa vikapelekwa Ulaya, Marekani na Australia. Mtaalamu wa Ujerumani, Maria Mies, alikwenda kuishi na kuchunguza, na kitabu chake kikatoka mwaka 1982. Alikuta maelfu ya wanawake wanafuma saa nyingi kila siku baada ya kupika na kulea, na wanapata chini ya kibarua wa shambani. Huyu anafuma maua tu, yule anaunganisha tu, hata wengine hawajui kazi iliyokamilika inafananaje. Biashara ilishikwa na wanaume. Na wanawake wenyewe waliitwa mama wa nyumbani wanaotumia nafasi yao ya kupumzika.

Niliposoma hayo nilijiona mimi mwenyewe ofisini, nikiwaambia kina mama wale, "Kazi ya kupitisha wakati." Neno hilo ndilo linaloshusha bei. Mtu akikubali kwamba hafanyi kazi, ataombaje mshahara?

Lakini India hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jibu. Mwaka 1972, katika mji wa Ahmedabad, Ela Bhatt na wenzake waliunda chama cha wanawake wanaojiajiri na wanaofanya kazi majumbani, kiitwacho SEWA. Walipoomba kiandikishwe kama chama cha wafanyakazi, maofisa wa kazi walikataa. Walisema hawa hawana mwajiri anayejulikana, watapambana na nani? Wanawake wakajibu kwamba chama cha wafanyakazi shabaha yake ni kuwaunganisha wafanyakazi, hata kama hakuna wa kupigana naye. Mwaka huo huo wa 1972 kikaandikishwa.

Na mwaka 1996, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 juu ya kazi za majumbani. Mkataba huo unasema kwamba mtu anayefanya kazi nyumbani kwake kwa malipo, kwa ajili ya mwenye kazi, atendewe sawa na wafanyakazi wengine wa mshahara: haki ya kuungana, malipo, usalama, ulinzi wa uzazi, mafunzo, na umri wa chini wa kuanza kazi. Ulianza kutumika mwaka 2000, baada ya nchi mbili kuuridhia. Moja ilikuwa Finland. Ya pili ilikuwa Ireland, nchi ile ile ya wafumaji wa wakati wa njaa.

KIJIJI CHA PILI

Wakala aliporudi mwaka 2019, tulikuwa tumejiandaa. Kina mama walimwekea karatasi mezani: shilingi 1,100 kwa kifaranga, na masharti ya macho yaandikwe. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akasema atatujulisha. Hakurudi. Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba magunia ya uzi yameshushwa kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde, kwa shilingi 600.

Sitawaficha, kikundi chetu kilikaribia kuvunjika. Baadhi ya kina mama waliniambia, "Chama chako kimetunyima hata ile chapati." Walikuwa na haki ya kusema.

Wale wa ng'ambo walifuma, wakapeleka mzigo. Wakaambiwa watalipwa bidhaa zikiuzwa. Pasaka ya mwaka 2020 ilikuwa tarehe 12 Aprili. Nyote mnakumbuka mwezi huo. Korona ilikuwa imefunga maduka ya Ulaya, na kwetu hata boda boda hazikubeba abiria. Wakala akasema bidhaa hazikuuzwa, hana cha kulipa. Wakapoteza vyote.

Njia zilipofunguka, yule bibi aliniambia, "Twende ng'ambo." Nikasema, "Bibi, hao ndio waliotunyang'anya." Akanijibu, "Hawakutunyang'anya. Walikuwa na njaa kama sisi, ila walikuwa peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Tulivuka bonde siku ya Jumapili, kina mama 9 na mimi. Hatukuwahutubia. Tuliketi nao mkekani, tukatoa sindano, tukaweka saa katikati. Kila mmoja akafuma kifaranga kimoja, wetu na wao. Tulipomaliza tukafanya hesabu ile ile ya nyuma ya kalenda. Mama mmoja wa ng'ambo alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilidhani mimi ndiye mzito wa mkono." Kumbe alikuwa na dakika 45 kama wengine.

Mwaka 2022 wakala alipokuja kutafuta mzigo wa Pasaka ya 2023, alikuta vijiji viwili vina karatasi moja. Alizunguka siku tatu. Siku ya nne akakaa chini. Hatukupata 1,100. Tulipata 900, lakini pamba, uzi wa macho na wa mdomo vikawa juu yake, na gari lake likaja kuchukua mzigo. Kwa dakika 45, shilingi 900 ni shilingi 1,200 kwa saa. Si utajiri. Ni zaidi ya mara mbili ya chapati ile, na nusu ya malipo ilitolewa kabla ya sindano kuingia kwenye uzi.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa wale ambao nyumbani mwao kuna mtu anayefuma, anayedarizi, anayesuka vikapu au anayeshona kwa kuhesabiwa kipande, nawaachia haya.

Kwanza, pima kwa saa. Fanya kazi moja mwanzo hadi mwisho mbele ya mwenzako, mwandike dakika. Asiyejua dakika zake hajui bei yake.

Pili, toa gharama zote kabla ya kusema umepata: uzi, pamba, mafuta ya taa, nauli na vilivyokataliwa.

Tatu, dai sampuli na masharti kwa maandishi. Sampuli moja akae nayo mnunuzi, moja ikae kwenu. Macho ni ya uzi au ya kifungo, kimo ni sentimita ngapi, pambo la mezani au kitu cha mtoto, yote yaandikwe. Kinachokataliwa kitolewe sababu, nacho kirudi kwa aliyekifuma.

Nne, msipeleke mzigo wote kwa ahadi. Sehemu ya malipo itangulie.

Tano, watoto wasiachishwe masomo ili kujaza pamba. Mzigo ukihitaji mikono ya watoto ili uishe, siku zilizotolewa ni chache au bei ni ndogo.

Sita, mtafuteni mfumaji wa kijiji cha pili kabla wakala hajamfikia. Msimngojee awe adui.

Na kwa viongozi wenzangu wa matawi: mkija kuombwa msaada na watu wasio na geti la kiwanda, wasio na kadi ya saa wala msimamizi, msiulize kwanza mwajiri yuko wapi. Ulizeni kazi inakwenda wapi na fedha inarudi kiasi gani. Mimi niliuliza vibaya, na jibu lake lilichukua miaka minne kurekebishwa.

Yule bibi sasa macho yake hayaoni tundu la mshono. Hafumi tena. Kifaranga kilichoko mezani mwangu ni kimoja cha wale 192 waliokataliwa mwaka 2018, chenye macho ya kifungo. Alinipa mwenyewe, akaniambia nikiweke mahali nitakapokuwa nakiona kila mtu anapoingia na shida yake.

Nimekiweka. Na mtu akicheka, namwambia akihesabu mishono.

Umoja ni nguvu.